Akiba Yangu kwa Jina la Mkwe

Kauri zikioza hunuka kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika, na mimi nimeosha maiti. Unaziokota mwambani maji yakitoka, unazifukia mchangani nyuma ya nyumba, unamwacha mdudu aliyemo ndani afe na kuoza, kisha unazifukua, unaziosha kwa maji ya bahari, unazifukia tena, mpaka zing'ae. Harufu yake huingia kwenye kucha na haitoki kwa ndimu wala kwa mchanga. Nilinuka hivyo tangu nilipoolewa kisiwani Kudhaa, nikanuka hivyo miaka yote ya uzazi wangu, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa akipita uani kwangu ameziba pua kwa ncha ya kikoi, akiuliza kama kuna mzoga. Ninaanza na harufu kwa sababu shemeji huyo huyo alikuja kusimama mbele ya kadhi wa Kismayu akasema kwamba fedha za kauri zile zilikuwa za baba yake. Uvundo ulikuwa wangu peke yangu, fedha ndizo zilizokuwa za ukoo.

Nilikuwa nikiweka fedha zile nijenge birika la kuwekea maji ya mvua. Asiyeishi kisiwani kwetu hawezi kujua neno hilo lina uzito gani. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Unayafulia, unayapikia ukikosa, lakini ukiyanywa siku nyingi tumbo linakuambia. Maji ya kunywa yalitoka bara kwa mashua, na kutoka mashuani yalipanda juu ya vichwa vya wanawake, mtungi baada ya mtungi, mchangani, juani. Wanaume wakishaifunga mashua walikuwa wamemaliza kazi, wanakaa wakizungumza habari za tanga. Binti yangu mmoja aliporomoka na mtungi kichwani akiwa na mimba kubwa, na ile mimba haikufika. Siku ile niliapa kimoyomoyo kwamba nitakuwa na birika langu, la mawe na chokaa, lenye sakafu pana ya kukinga mvua, kama lile la msikitini ambalo wanaume walitawadhia. Wao walikuwa na maji matamu ya kuoshea miguu. Nilikuwa na hasira tangu wakati ule, ila nilikuwa bado na nguvu na hasira yangu niliigeuza kazi.

Mwanamke wa kwetu hakwenda Kismayu kuuza. Aliyeniuzia alikuwa mkwe wangu, baba wa mume wangu, aliyekuwa na jahazi dogo la kupelekea samaki mkavu na boriti. Alipakia magunia yangu ya kauri na mikeka yangu niliyosuka, akamuuzia Mhindi mmoja mwenye duka karibu na forodha, na fedha akaziacha hapo hapo dukani ziwe amana. Aliziweka kwa jina lake yeye, kwa kuwa Mhindi hakunijua mimi, na mimi sikuona ubaya. Kila aliporudi alisimama mlangoni kwangu, hakuingia, akasema, "Mama, yako imezidi." Basi. Hakuwahi kuniambia neno zaidi wala kuomba chochote. Alikuwa mtu mwema, na ninaposema nina hasira, si naye, au ni naye kidogo tu, kwa kuwa mtu mwema naye angeweza kumwambia Mhindi mali ni ya nani.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo wanalicheka. Kwetu mke hamtaji mkwe wake wa kiume kwa jina. Hamtaji akiwa hai, na akifa ndiyo kabisa. Mbele yake nilimwita Baba, nyuma yake nilimwita mzee wa nyumba kubwa, na kila mtu alijua ni nani. Mume naye hatajwi. Nilipozaa mtoto wa kwanza, mwanamume, akapewa jina la babu yake kama ilivyo ada, na hapo nikanyang'anywa jina la mwanangu pia. Nilimwita Babu. Kisiwa kizima kilikuwa na watoto walioitwa Babu na mama zao, ukiita mmoja jioni aje kula wanakuja wanne, na wote wana njaa. Mume wangu kwa upande wake hakuniita kwa jina. Alikohoa, au alisema "mama wa mkubwa". Jina langu lilibaki kwa baba yangu kule kisiwa cha Chula, na baba alipokufa sikuwa na hakika kama kuna aliyebaki nalo.

Mkwe wangu akafariki. Tukamzika, tukamsomea, na mimi nilimlilia kwa haki. Haukupita muda mrefu, manahodha wakaleta habari kutoka Kismayu kwamba Mhindi anafunga duka. Uvumi ulikuwa mwingi wakati huo. Walisema Mwingereza atampa Mtaliani nchi yetu kama mtu anavyompa jirani mbuzi, na rupia nazo zilikuwa zinaondolewa, inakuja shilingi, na hakuna aliyejua baada ya shilingi kitakuja nini. Mhindi hakutaka kungoja kuona. Aliwatumia salamu wote waliomwekea amana waje wachukue vyao kabla hajapanda meli.

Mwanangu mkubwa, huyo Babu, alikuwa akifanya kazi Lamu, na alishanipatia fundi wa mabirika, mtu anayeijua chokaa. Lakini fundi alisema hapandi chombo kuja kisiwani mpaka fedha ziwe Lamu, mahali anapoweza kuzifikia. Sikumlaumu, watu walishamla ujira wake. Na mimi sikutaka kuzipeleka kwa chombo, fedha zote zile ndani ya mfuko chini ya miguu ya mabaharia, maana fedha baharini hupiga kelele kuliko ngoma. Mwanangu akatuambia kuna njia: pale Kismayu posta inaweka akiba za watu, na ukiweka Kismayu unaweza kuzitoa Lamu. Nilichotakiwa kufanya ni kuzitoa kwa Mhindi, nivuke njia, nizitie posta. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Nilikwenda na mume wangu. Alikuwa fundi wa mashua, mtu wa mikono mizuri na maneno machache, na zamani nilidhani maneno machache ni tabia njema. Dukani tulimkuta mtoto wa yule Mhindi, ndiye aliyekuwa akifunga mambo. Mzee alishatangulia kwao. Kijana alikuwa na adabu. Alitukalisha juu ya magunia, akatuletea maji, akasema amana ya marehemu ipo kamili, ila mwanawe mmoja amekwisha kuja kuidai, akasema ni urithi, ugawanywe kwa warithi. Hivyo yeye hawezi kumpa mtu mpaka kadhi aseme.

Mwana huyo alikuwa shemeji yangu. Alitutangulia kwa chombo kingine, naye alikuwa amekula kwangu siku chache kabla, na hakusema neno. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na walisema kweli, lakini huyu hakuwa nguoni. Alikuwa kwenye sahani yangu, anamega wali wangu.

Tulifikia kwa jamaa, na hapo nilimshika mume wangu. Nilimwambia wewe unajua. Umeniona mwambani jua la kichwa, umeyabeba magunia kwa mgongo wako mpaka majini, umemsikia baba yako mlangoni kwangu akisema yako imezidi. Kesho mbele ya kadhi sema hayo tu, usiongeze wala usipunguze. Alikuwa akichonga kijiti kwa kisu. Hakuacha kuchonga.

"Yule ni mchu wa damu yangu," alisema. "Sisemi juu yake, na juu yako sisemi."

Nilimuuliza kama anajua kwamba kukaa kimya pale ni kusema. Alipuliza vumbi la kijiti chake. Watu wana methali, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha mume wangu hakikuwa na mshindo wowote, nilikaa nacho miaka yote ile nikikisikiliza. Sikulala chumba kimoja naye, nilikwenda kwa wanawake wa nyumba ile, na nilipowasimulia, mkubwa wao aliniambia nimshukuru Mungu kwamba mume wangu hasemi, kuna wanaosema na wakapiga. Huo nao ulikuwa ushauri.

Kwa kadhi tulikaa mkekani, wanaume upande mmoja na mimi nyuma kidogo, nimejifunika. Shemeji alianza. Alisema vizuri, sikatai. Alisema baba yake alikuwa mfanyabiashara, anajulikana Kismayu nzima, na fedha zimekutwa kwa jina lake, na mtu akifa kilicho kwa jina lake ni cha warithi wake, na mke wa kaka yake anaheshimiwa sana lakini wanawake huchanganya mambo. Kadhi akaniuliza nina nini cha kusema. Nikasema kauri ni zangu, mikeka ni yangu, mzee alinishikia tu. Akaniuliza kama nina shahidi. Nilikuwa naye, nahodha wa jahazi la mkwe wangu, mzee ambaye macho yalikuwa yamekwisha kuharibika lakini akili haikuharibika. Nahodha alisema kila safari alimsikia marehemu akimwambia Mhindi, huu mzigo ni wa mke wa mwanangu, uweke mbali na wangu. Mume wangu alikuwa amekaa karibu na nahodha, magoti yao yakigusana. Aliutazama mkeka.

Kadhi akasema shahidi mmoja hatoshi peke yake, lakini shahidi mmoja pamoja na kiapo cha mwenye dai vinatosha. Akasema nitaapa. Nikasema niko tayari. Akanipa maneno: nitaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mali hii ni yangu na kwamba nilimkabidhi fulani mwana wa fulani iwe amana. Mwenye dai juu ya maiti lazima amtaje maiti, alisema, ili ijulikane anadai kwa nani.

Nikaapa, na nilipofika pale pa jina nikasema, mzee wa nyumba kubwa.

Kadhi akasema wazee wa nyumba kubwa ni wengi. Nikasema, baba wa bwana wangu. Akasema bwana wangu hakutajwa pia. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa mtu wa Kismayu, mtu wa vitabu, na sharti lake lilikuwa sharti. Nikageuza uso pembeni. Ndipo nilipomwona shemeji. Alikuwa akizitazama kucha zake, na pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitu kidogo ambacho kwa mtu mwingine ningekiita tabasamu. Alijua. Tangu alipopanda chombo kutoka Kudhaa alijua kwamba nitafika hapa na nitakwama hapa. Shahidi wangu hakumtisha, wala haki yangu. Aliitegemea heshima yangu, ile ile niliyompa baba yake miaka yote, akaifanya komeo.

Akanyanyua uso, akamwambia kadhi kwa upole kabisa: "Bwana kadhi, huyu ni mke wa watu. Kwetu mchu mke hamtaji mkwewe, ni kumvunjia heshima kaburini. Msimlazimishe. Mwacheni aende zake na heshima yake."

Sijawahi kutukanwa vibaya kama hivyo, na nimetukanwa sokoni na wachuuzi. Aende zake na heshima yake. Nikamkumbuka binti yangu pale mchangani, na mtungi umevunjika, na maji yameingia ardhini yote. Heshima ya nani ilikuwa imembebea mtungi? Nikamtazama mume wangu. Bado mkeka. Nilingoja, wallahi nilingoja, nilimpa nafasi ya kusema neno moja, hata akisema tu baba yangu ndiye huyo, nimemtaja mimi, yatosha. Alikuwa na ulimi, na baba alikuwa wake, hakukatazwa na mtu. Hakusema.

Nikalitaja.

Nililitaja jina la mkwe wangu, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ambayo wapita njia waliisikia. Silitaji hapa. Nililitaja palipokuwa na haja nalo. Nahodha alifumba macho yake mabovu akasema astaghfirullah, si kwa kunilaumu, nadhani, bali kwa kuwa hakuwa na neno jingine. Shemeji alinyanyuka nusu akakaa tena. Mume wangu aliinuka akatoka nje. Na mimi, wakati sauti yangu bado iko hewani, nikatambua kwamba nimeliita pia jina la mwanangu mkubwa, mwanamume mzima mwenye ndevu, kwa mara ya kwanza tangu nimzae. Lilikuwa jina zuri. Nilimaliza kiapo huku nikitetemeka kwa ghadhabu, na watu wakadhani ni woga.

Kadhi alihukumu kwamba mali ni yangu. Shemeji alipopita karibu yangu alisema nimemvua baba yake sanda. Nilimwambia amepita karibu mno, nanuka kauri, azibe pua. Hilo najivunia hata leo.

Kutoka kwa kadhi tulikwenda dukani, na kutoka dukani tulikwenda posta, tumefuatwa na hamali aliyebeba mifuko. Mume wangu alitembea mbele. Nasema mifuko, lakini ingekuwa mingi zaidi kama fedha zile zisingekaa kwa watu. Zilianza zikiwa reale, zikafanywa rupia, sasa zinafanywa shilingi, na katika kila kufanywa palikuwa na mtu aliyejilipa kwa taabu yake ya kuzifanya. Kijana wa Mhindi alinieleza kwa adabu, na nilimwambia kwa adabu kwamba kauri zangu zilikuwa kauri zilipoingia na zilipotoka. Hata hivyo zilikuwa nyingi. Zilitosha birika, na ujira wa fundi, na chokaa, na zingebaki.

Posta palikuwa na kaunta ya mbao na nyuma yake karani kijana, mwenye kofia ya kazi na kalamu ya chuma. Nyuma yetu walikuwa wanaume wengine, wengi wao wenye shida kama yetu, wanakimbiza fedha zao Lamu na Mombasa. Karani alihesabu, akahesabu tena, akauliza akiba iandikwe kwa jina la nani. Mume wangu, ambaye tangu kwa kadhi hakuwa amefungua mdomo, akaufungua. Alikuwa anataka kusema lake. Hakuwa mwizi, namjua, asingegusa hata senti. Alidhani tu ndivyo mambo yalivyo, kama vile baba yake alivyodhani.

"Langu," nikasema.

Karani akanitazama, akamtazama yeye. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake, kwa herufi za Kiarabu, vizuri, maana mimi nilihitimu Kurani kwa baba yangu kabla hata ya shemeji huyo kuota meno ya mbele. Karani akaigeuza karatasi huku na huku. Akasema yeye herufi hizo hazisomi, na bwana mkubwa wake hazisomi, kwa hiyo mbele ya posta ni sawa na sijaandika kitu. Nitaweka kidole gumba. Na kwa kuwa ninaweka kidole, na ni mke wa mtu, lazima mume aseme kwa kinywa chake mke wake anaitwa nani, naye aandike. Hivyo ndivyo alivyoambiwa.

Nilitaka kuirusha ile kalamu baharini. Asubuhi ile ile nimelazimishwa kutaja jina ambalo maisha yangu yote nimekatazwa, na sasa langu mwenyewe nakatazwa kulitaja.

Karani akasema, "Bwana, mkeo anaitwa nani?"

Mume wangu akakohoa. Wanaume nyuma yetu wakanyamaza, si kwa ubaya, lakini mtu akiulizwa jina la mkewe mbele ya watu kila mtu hunyamaza. Alikitazama kidole chake kilichokatwa na randa zamani. Akakohoa tena. Nilijiambia haya, hapa ndipo atakapotoka nje tena, na birika litabaki kauntani. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia, na yalikuwa maneno makali, nilikuwa nayo mengi. Karani akauliza mara ya pili.

Mume wangu akalisema. Alilisema lote, langu, na la baba yangu, na la babu yangu, bila kusita, na pale katikati ya jina langu alipavuta kidogo kama mama yangu alivyokuwa akipavuta akiniita nije kula. Hakuna mtu Kudhaa aliyejua kwamba jina langu huvutwa pale. Sijui alilisikia lini. Labda siku ya nikaha. Labda aliwahi kuwauliza kwetu. Karani aliandika, mimi nikabandika kidole kwenye wino, na ikawa imekwisha.

Watu huniuliza kama nilifurahi. Nilighadhibika kuliko kwa kadhi. Kumbe alikuwa nalo! Miaka yote ile ya kukohoa, alikuwa nalo zima, halina vumbi. Mimi nimezaa naye, nimezika naye mtoto, nimemkanda mgongo, na sikuwahi kulipata. Karani asiye na ndevu amelipata kwa kuuliza mara mbili. Nikamwambia hivyo hivyo pale nje ya posta, hamali akisikia. Nikamwambia pia kwamba kama ulimi wake ungefanya kazi tangu asubuhi, mimi nisingemwita baba yake mbele ya watu. Alisema tuwahi chombo.

Kudhaa habari ilitutangulia. Nyumba ya shemeji haikuniamkia mwaka mzima. Wazee wa kike walisema nitaona, laana ya mkwe haina dawa, na kila nilipoumwa jino walitazamana. Wanawake wengine walikuja kwa mlango wa uani, mmoja mmoja, kuniuliza posta inafanyaje kazi. Mwanangu alituma salamu kutoka Lamu: mama, nimesikia umeniita, nilikuwa mbali, ulikuwa unataka nini? Hiyo ilinichekesha mpaka nikakaa chini.

Fundi alikuja, na birika likajengwa. Mvua ya kwanza ilipolijaza niliingiza kata, nikanywa. Binti zangu hawakupanda tena na mitungi kutoka mashuani. Mke wa shemeji alichota kila siku, sikumzuia, maana mgongo ni mgongo, na shemeji mwenyewe aliyanywa maji yale, sikumwona hata siku moja akiziba pua.

Mwaka walioshusha bendera ya Mwingereza Kismayu na kupandisha ya Mtaliani, mume wangu aliugua. Ilimwanza kifuani, ikamlaza, na tukajua hataamka. Hakuwahi kunitaja tena tangu posta. Siku moja alasiri nilikuwa nimekaa naye peke yangu, na kata ya maji iko karibu yangu, akageuza uso.

"Mama wa mkubwa," alisema, "nipa mai."

Nikaichukua kata, nikaishika. Sijui ni nini kilinipata. Nilimwambia aniite kwa jina langu kwanza. Nilimwambia analo, nimelisikia kwa masikio yangu, asinifanye mjinga, aniite mara moja tu nami nitampa maji na chochote atakacho.

Pumzi yake ilikuwa nzito.

"Hapana karani hapa," alisema.

Sikujua kama alikuwa akinitania au akinikatalia, na hakuishi muda wa kutosha nimuulize. Nilimwinua kichwa, nikamnywesha.